Kibuyu Changu cha Mursik

Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nilipokuwa nikifundisha Kilimo katika shule moja ya kutwa huko Kapseret, sheria yangu ilikuwa fupi: asiyejibu swali husimama mpaka ajibu. Wengi walibahatisha jibu lolote ili waketi. Msichana mmoja wa kidato cha pili alisimama kila kipindi kwa wiki mbili, macho sakafuni, akaninyima hata neno moja. Niliona ni kiburi, na kiliniuma.

Siku ya somo la kuhifadhi maziwa nilibeba kibuyu kipya ili nitengeneze mursik, maziwa yao ya mgando yenye mkaa, mbele yao. Mimi si mwenyeji wa huko, ni mtu wa mkoa wa Magharibi. Mursik nimeinywa tu kwenye harusi za watu. Nikamimina maziwa, kisha nikatia unga wa mkaa juu yake na kukoroga kwa mbwembwe. Darasa zima likainamia madaftari. Nikamwuliza yule msichana maziwa hayo yatakaa siku ngapi. Akaangalia sakafu. Nikamfukuza, nikamwambia asirudi bila mzazi.

Mama yake alikuja kesho yake peke yake, bado amevaa gambuti za kukamulia.

"Mwalimu, mtoto amekataa kurudi shule kabisa," alisema. "Si mtoto wa kubahatisha jibu, na anasema hawezi kukuambia umekosea mbele ya watoto wengine. Kwetu mtu mkubwa hakosolewi hivyo. Lakini mkaa unapakwa ndani ya kibuyu kwanza, ndio uweke maziwa. Hata mtoto wa nasari anajua."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Darasa zima lilijua, likanisitiri, na aliyenisitiri kuliko wote ndiye niliyemfukuza. Nikamwomba mama radhi, nikamsihi amrudishe.

Aliporudi nilimpa kibuyu kilichooshwa na kijinga cha moto cha senetwet, mti unaotoa mkaa wa mursik, nikaketi kwenye dawati lake. Nikamwambia leo yeye ndiye mwalimu, na aniulize swali kama ninavyowauliza wao. Alisugua ndani ya kibuyu taratibu kwa kijinga hicho, akakung'uta majivu, ndipo akamimina maziwa na kufunika. Kisha akaniuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, "Mwalimu, utajuaje maziwa yamekuwa tayari kabla hujafungua kibuyu?"

Nikasimama, kama sheria inavyotaka, na macho yangu yakaenda sakafuni yenyewe.

Hakuniacha hapo hata dakika moja.

"Keti tu, Mwalimu," akasema. "Nitakuonyesha."