Araba Eshun na Herufi Asiyoiona

Ni siku ya Jumanne katika mji wa wavuvi wa Sekondi, na mitumbwi yote imevutwa mchangani. Jumanne mvuvi haingii baharini, mwiko ni mwiko. Bahari iko tupu, rada haijai vidoa vya mitumbwi, ndiyo maana mafundi wa mitambo ya kuongozea meli huchagua siku hii kufanya majaribio.

Araba Eshun ni mmoja wao. Kwa kawaida angekuwa juu ya mlingoti, mwisho wa ukuta wa mawe unaokinga bandari. Leo amekaa kivulini ndani ya boti, kwenye kiti cha mwenzake, Kow Abakah. Kow ndiye aliye mlingotini, jua likimpiga utosini.

"Miaka tisa nimemwonea wivu huyu, sikufichi," Araba anamwambia nahodha wa boti, akimenya kenkey, donge la unga wa mahindi uliochachushwa, lililofungwa kwa maganda. "Mimi nafunga, nakaza nati, naungua. Yeye huku anakula samaki wa kukaanga, na ndiye anayeona! Nyumbani ukinitajia jina lake, chakula hakishuki."

Mtambo wenyewe wa mlingotini hauwashi taa wala haulii. Meli ikirusha mawimbi ya rada, unajibu, na kwenye skrini ya nahodha inatokea herufi: mstari mrefu, mfupi, mrefu. Hiyo ni K katika alama za mabaharia. Siku ya majaribio mmoja hurekebisha mlingotini, mwingine hutazama botini. Araba hajawahi kuiona. Amemwomba mkuu wao wabadilishane nafasi mpaka mzee wa watu akachoka, leo akakubali.

Redio inakoroma. "Dada Araba, nimewasha. Unaiona?"

Iko pale, nene, imenyooka. Araba anaikodolea macho. Ni nzuri kuliko alivyodhani, na aliyeifunga ni Kow. Roho inamuuma upya.

"Bado," anajibu. "Geuza kushoto kidogo."

Nahodha anamtazama, anaziba mdomo asicheke.

"Sasa je?"

"Bado! Panda juu, we mvivu!"

Kow anaangua kicheko redioni. "Dada, acha hizo. Hiyo 'bado' ni yangu, usiniibie."

"Yako kivipi?"

"Unadhani nilikuwa sioni? Ukiwasha tu, inatokea. Mimi nakwambia bado, nakwambia geuza. We ukishuka, wavuvi wanaoshona nyavu wanakupigia makofi, fundi, fundi! Mimi wananiuliza nimebakiza samaki? Iliniuma, dada."

Araba anaweka kenkey chini. "Mshenzi wewe! Na mgongo wangu huu!"

Halafu anaisogeza redio karibu na mdomo. "Kow. Kweli ilikuwa inatokea mara moja?"

"Kila mara. Safi kabisa."

Araba anageukia baharini, akijifuta uso kwa ncha ya kitambaa cha kichwani. Anasema atarudi kwa mkuu kuomba wapokezane zamu kila Jumanne, mmoja juani, mwingine kivulini. Jumanne ijayo atapanda mwenyewe, na safari hii hatadanganyika.

"Dada, nishuke basi? Naungua huku!"

Araba anaitazama K, inang'aa kwenye skrini. Anachukua kenkey yake.

"Bado," anasema.