Mume wa Kuazima

Shule niliacha darasa la tatu, na shamba la kahawa hapa Mpepai nimelifungua kwa mikono hii. Sikuona nani angenifundisha habari za mwili wangu, ambao haujawahi kulazwa.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minne. Mbili za kabla yake zilikuwa zimetoka, na hii aliibeba kama trei ya mayai. Kliniki, mjamzito aliyekuja na mume huhudumiwa kwanza. Mimi nilikuwa nachuma kahawa. Nikamwomba rafiki yangu wa Lipingo, mzee mwenzangu aliyepandisha samaki wakavu kutoka ziwani kuja kuuza, akakae benchi kama mume. Wanaume wengi huku tumefanya hivyo.

Sikujua kwamba wanatoboa vidole vya wote wawili kupima damu.

Mke wangu akakutwa na kaswende. Muuza samaki, safi. Nesi akamtazama mke wangu kwa jicho lile.

"Usinitazame hivyo, dada," mke wangu akasema. "Huyu ni wa kuazima. Mwenyewe yuko kwenye kahawa."

Kesho yake nikaenda, nimevaa koti.

"Shikamoo, baba. Leo umekuja mwenyewe, au na wewe umetumwa?"

Nikampa marahaba yake, nikamwambia siumwi, sina kidonda, siwashwi popote. Akanitoboa, tukasubiri. Mstari wa ugonjwa ukatokea kwenye kipimo.

"Kipimo hiki hakimtafuti mdudu, baba. Kinatafuta askari ambao mwili umewatengeneza kupigana naye. Hawa hapa wapo. Wewe umelala, wao wako vitani, na hawammalizi. Kwa mama, mdudu huyo anavuka mpaka kwa mtoto."

Nikazikumbuka zile mimba mbili. Nikazikumbuka na safari zangu za Mbinga mjini. Mkanda nikaufungua mwenyewe, nichomwe sindano ya dawa. Sindano ile inauma, sidanganyi, na tulichomwa wote wawili wiki tatu mfululizo. Mke wangu hakukunja uso. Mimi nilikunja kwa niaba yake.

Binti alizaliwa akilia. Walipompima, mstari ukatokea na kwake.

"Hao ni askari wa mama yake, wamepitia kwenye kondo la nyuma," nesi akasema. "Wataondoka taratibu. Tutampima tena."

Tulirudi na kurudi, mpaka mtoto akaanza kutembea. Siku mstari ulipokosekana, mke wangu alimfunga mgongoni, akanikabidhi mkoba wa nepi, akatangulia.