Mlima wa Ngoingwa

Kitheka alifikisha miaka thelathini na saba bila kugombana na mtu yeyote, na sababu yake ilikuwa nyepesi: hakuwa na mtu wa kugombana naye. Mchana alitengeneza mashine za kufunga peremende katika kiwanda kimoja kule Thika, mahali penye kelele nyingi hata salamu hutolewa kwa mkono. Jioni alirudi Gatongora, akasonga ugali wa mtu mmoja, akalala. Majirani walimwita "yule wa namba sita". Alikuwa mtu mwema, na ninalisema hilo mapema kwa sababu mambo aliyoyafanya baadaye yanaweza kukufanya uamini vingine.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemjua vizuri, naye ni Njambi, mwenye duka la sare za shule pale mtaani. Walianza kujuana siku cherehani yake ilipokwama na Kitheka akaitengeneza bila kusema neno. Njambi, ambaye alikuwa amechoka na wanaume wa maneno, alimwangalia akijipangusa mafuta mikononi akaona hapa pana mtu. Miaka miwili ikapita, wakaamua kuoana. Kilichobaki ni Kitheka kwenda Ngoingwa kujitambulisha kwa mama yake Njambi, Mama Rachael.

"Mami amesema wazee wako waje siku nyingine," Njambi alimwambia. "Hii ya kwanza anataka kuona marafiki zako. Kumi."

"Kumi wa nini?"

"Kumi wenye wanakujua. Wakikosa, amesema usijisumbue kubisha."

Usimlaumu mama huyo. Binti yake mkubwa, Janice, aliposwa na bwana aliyekuja na watu thelathini, wote suti, wote meno nje, wakila na kusifu. Baadaye ikabainika kwamba wote walikodishwa. Bwana mwenyewe hakudumu zaidi ya hao wapambe wake. Tangu siku hiyo Mama Rachael alikuwa na msimamo mmoja: mwanamume asiye na rafiki ana jambo analificha.

Kitheka hakuwa na jambo. Hakuwa na rafiki pia. Na zilikuwa zimebaki Jumamosi nne.

"Utawatoa wapi?" Njambi aliuliza, akitaka kucheka na kulia kwa pamoja. "Wewe hata mtu wa kukutumia M-Pesa kwa makosa huna."

Hapo ndipo Kitheka alipojiunga na Miguu Moto, kikundi cha watu wa Ruiru na Thika wanaopanda milima kila Jumamosi kwa hiari yao wenyewe, bila kufukuzwa na mtu. Kiongozi wao alikuwa Waithira, mwalimu mstaafu wa michezo, mwanamke wa miaka sitini mwenye filimbi shingoni na mapaja ya chuma. Alipopuliza filimbi, hata wapita njia wasiomjua walijipanga mstari.

Jumamosi ya kwanza walipanda Kilimambogo. Tangazo lilisema watu wavae viatu imara, kwa hiyo Kitheka alivaa buti za kiwandani, zile zenye chuma mbele. Kufikia nusu ya mlima alikuwa akivuta miguu kama mtu aliyefungwa pingu. Lakini Mungu si Athumani. Katikati ya njia, soli ya kiatu cha Odongo ilibanduka yote ikabaki barabarani. Odongo alikuwa jamaa mkubwa, muuzaji wa matangi ya maji, mwenye sauti ya kusikika hadi Garissa. Alikuwa amenunua viatu vya mtumba vya kupandia milima, na viatu hivyo, ukivikuta vimekaa stoo miaka kumi Ulaya, gundi yake huwa imeshakata tamaa.

Kitheka alitoa koleo na waya mfukoni, maana fundi hatoki bila vitu vyake, akaifunga ile soli kwa mafundo matatu.

"Ai! Wewe ni daktari!" Odongo alinguruma. "Jina lako nani, bro?"

"Kitheka."

Likawa ndilo neno la pekee alilolisema siku hiyo. Kufika kileleni alikuwa ameshafunga soli za watu wanne. Kila mmoja alimpa asante, na kila alipofungua mdomo ili aseme, "Je, unaweza kunisindikiza kwa wakwe?" ulimi uligoma. Utamwombaje mtu jambo zito namna hiyo, na unachokijua kwake ni kiatu tu?

Jumamosi ya pili, walipotembea kwenye mashamba ya kahawa ya Ruiru, alibadilisha mbinu. Aliamua kwanza achunguze nani anafaa. Hili lilikuwa kosa. Mtu aliyezoea mashine huuliza maswali ya mashine.

"Mama Waithira," alianza, akimkaribia pembeni, "wewe hula nyama ya mbuzi?"

"Kidogo. Kwa nini?"

"Na unaweza kukaa kwenye kiti cha plastiki masaa mangapi?"

Waithira alimtazama juu hadi chini, akaongeza mwendo. Kitheka akamwendea Odongo, akamuuliza kama ana suti, na kama huwa anaongea vizuri mbele ya wazee. Kisha Kitheka akamuuliza mwingine kama Jumamosi baada ya ijayo yuko huru kuja mahali "kusikia jambo zuri litakalobadilisha maisha".

Sasa wewe ambaye umekaa Kenya unajua walichofikiria. Mtu mkimya, mpole, anayetaka uvae suti uje usikie jambo litakalobadilisha maisha, ana dawa za miti shamba kwenye buti ya gari la mwenzake, na anakutafuta wewe ukae chini yake na utafute wengine watano wakae chini yako. Habari zilienea mstari mzima kabla hawajamaliza shamba la kwanza. Jumamosi ya tatu, kila Kitheka aliposogea, watu walikumbuka kufunga kamba za viatu. Odongo mwenyewe, aliyefungwa soli, alisema kwa huruma, "Bro, mimi vitamini sinywi, nikinywa naendesha tumbo," akaenda zake.

Kitheka alirudi nyumbani akakaa kitandani na buti zake miguuni. Alikuwa na uchungu wa kweli. Alimpenda Njambi, na alijua kwamba Jumamosi ijayo saa nne angesimama peke yake mbele ya lango la Ngoingwa. Akachukua simu, akaandika kwenye kikundi cha simu cha Miguu Moto, na aliyoyaandika ni haya: *Hike ya Jumamosi: Ngoingwa. Ugumu: wastani. Chakula kipo, mbuzi. Vaeni vizuri.*

Kisha Waithira akauliza, *Ngoingwa kuna mlima gani?*

*Kuna mahali panapanda*, Kitheka alijibu. *Mtaona.*

Ngoingwa, kwa asiyepajua, ni nyumba, magorofa mapya na bodaboda. Mlima pekee uliopo ni rundo la mchanga wa ujenzi. Lakini neno "mbuzi" lilikuwa limeshafanya kazi yake, na vidole gumba vikaanza kumiminika.

Jumamosi walikuja ishirini na wawili. Walikuwa wamevaa vizuri kwa akili yao: mabuti, kofia pana, fimbo za kupandia, chupa za maji, mabegi mgongoni. Waithira alivaa suruali ya kubana ya rangi ya waridi. Kitheka alikuwa na suti ya kijivu na tai.

"Mbona wewe umevaa kama unaenda kortini?" Waithira aliuliza.

"Leo mimi ndiye kiongozi," Kitheka alisema, jasho likimtoka.

Waithira aliwapigisha mazoezi ya viungo pale kando ya barabara, akapuliza filimbi, wakaanza kupita katikati ya nyumba za watu, fimbo zikigonga lami. Akina mama waliokuwa wakianika nguo waliingiza watoto ndani. Baada ya dakika kumi walifika kwenye lango la kijani. Ndani palionekana paa la hema, na nyuma ya lango shangazi zake Njambi walianza kuimba kwa Kikuyu wakiuliza ni nani hao wanaobisha na wanataka nini. Siku ya kujuana tu hivi si lazima watu waimbe langoni, lakini shangazi hao hawakuwa watu wa kukosa nafasi.

Miguu Moto ikasimama.

"Kitheka," Odongo alinong'ona, na kunong'ona kwa Odongo ni kupiga kelele kwa mtu mwingine, "hapa ni kwa nani?"

"Kwa mama mkwe."

"Wa nani?"

"Wangu. Akikubali." Kisha yote yakamtoka kwa mara moja. "Niliambiwa nije na marafiki kumi na mimi sina hata mmoja. Nilitaka kuwauliza nikashindwa. Niliogopa mtakataa. Hakuna mlima. Mbuzi yuko. Mnisamehe."

Nyuma ya lango wimbo uliendelea. Kitheka alitazama zile jozi ishirini na mbili za buti akisubiri zigeuke.

"Kwa hivyo hizo maswali zako zote," Odongo alisema polepole, "hukuwa unauza dawa?"

"Dawa gani?"

"Haiya!" Waithira alilipuka. "Umenileta kwa ruracio, kwa mahari ya watu, na suruali ya kubana! Mimi, mwanamke wa Mothers' Union! Nikionekana na mtu wa kanisa nitahamia Matuu!"

Shangazi mmoja alikuwa akichungulia juu ya lango. Aliona ile rangi ya waridi, akashika mdomo, akatoweka. Punde leso zikaanza kurushwa juu ya lango, moja baada ya nyingine. Waithira alidaka ya kwanza, akajifunga kwa hasira, akawagawia wanawake wenzake, kisha akamgeukia Kitheka akamshika tai. Kitheka alidhani ananyongwa.

"Nani alikufunga hii kitu? Simama wima." Akaifungua, akaifunga upya, akapuliza filimbi. "Miguu Moto! Mnajua wimbo gani?"

Hawakujua hata mmoja. Walichojua kwa pamoja ni hesabu ya mazoezi. Kwa hiyo watu ishirini na wawili wakaimba, "Moja mbili, inua goti! Tatu nne, pumua!" huku wakipiga fimbo chini, Odongo akitia besi. Shangazi walijitahidi kujibu, wakashindwa kwa kicheko. Lango likafunguka.

Chini ya hema walikaa wageni upande mmoja, wenyeji upande wa pili, Mama Rachael katikati, hacheki. Njambi alikuwa mlangoni pa nyumba, macho yakiwa yamemtoka, akihesabu watu. Mzee Bedan, mjomba wa Njambi, aliyeisemea familia, aliomba kila mgeni aseme yeye ni nani wa Kitheka.

Odongo aliinuka kwanza. Alidhani anasaidia.

"Mimi na Kitheka tumekua pamoja. Tulichunga mbuzi Yatta."

"Jina lako?"

"Odongo."

"Odongo wa Yatta," mzee alirudia, akipima jina la Kijaluo na mahali pa Wakamba. "Na mbuzi hao walikuwa wangapi?"

"Walikuwa wengi, mzee. Tena walikuwa wanatembea tembea."

Shangazi wakaanza kukohoa. Mama Rachael aliinua mkono.

"Kijana, wewe umejua huyu mtu lini? Sema ukweli, hii ni boma yangu."

Odongo alimtazama Kitheka, akatazama chini. "Jumamosi tatu, mami. Na hii ya nne."

Kitheka alisimama kabla hajaulizwa. "Ni mimi, mama. Hawakujua wanakuja hapa. Niliwaambia ni mlima. Wamejua pale nje tu."

"Pale nje," Mama Rachael alisema. "Sasa wamejua pale nje, mbona wameingia?" Akawageukia. "Nyinyi, mbona mmeingia? Amewalipa?"

"Hata nauli!" Odongo alisema kwa uchungu. "Mimi, kusema ukweli, ni harufu ya mbuzi."

"Na wewe, mwalimu?"

Waithira alirekebisha leso yake. "Mimi niliona vile amejifunga tai. Nikasema huyu mtu hawezi kuingia kwa watu peke yake na hiyo tai."

Wote walimwona Mama Rachael akiitazama tai, kisha fimbo, kisha leso zake mwenyewe kwenye viuno vya wageni.

"Wale wa Janice walikuwa na suti safi sana," alisema hatimaye. Akatoa kijitabu na kalamu kwenye mkoba wake, akampa Waithira. "Andikeni namba zenu za simu. Zote. Na ziwe zinashika, kwa sababu siku huyu akinisumbua nitapiga, na siku akiugua nitapiga. Bedan, waambie walete nyama."

Njambi alipiga kelele ya furaha kutoka mlangoni, jambo lisiloruhusiwa kabisa, na hakuna aliyemkemea. Odongo alikula mpaka shangazi wakamwogopa.

Jumanne iliyofuata simu ya Kitheka ililia. Alikuwa ameingizwa kwenye kikundi kipya kiitwacho Harusi ya Kitheka, watu ishirini na wanne bila yeye, shangazi wawili wakiwemo. Aliandika kwa heshima, *Habari zenu*. Waithira akamtoa papo hapo. Kisha akamtumia ujumbe kando: *Hii ni kamati. Bwana harusi hakai kwa kamati. Tuna mambo yetu ya kusema.*

Kitheka alimwonyesha Njambi simu, kisha akaufunika uso kwa mikono. Njambi akadhani ameudhika, akaanza kumbembeleza. Lakini yeye alikuwa akicheka, machozi yakimtoka. Miaka thelathini na saba amekaa duniani, na leo, kwa mara ya kwanza, kulikuwa na watu ishirini na wanne mahali fulani wakimsengenya.