Baka la Mzee Kasam

Kadzo hakusomea kompyuta. Alitoka Kaloleni akiwa msichana, akaajiriwa kuosha sinia za dawa za kusafishia picha katika chumba cha giza cha studio ya Bwana Kaizar, Mji wa Kale, mpaka akawa ndiye anayeshika brashi ya kurekebisha nyuso za watu. Kompyuta ilipoingia dukani akahamia nayo. Picha iliyoliwa na ukungu, yeye huirudisha ikawa kama imepigwa jana.

Mwaka wa tisini na tisa Bwana Kaizar alileta kutoka Dubai kadi ya picha ya kuchomeka ndani ya kompyuta, yenye matundu mawili. Tundu moja lilipeleka picha kwenye skrini ya mezani, la pili kwenye televisheni kubwa na mashine ya video. Kadzo akifanya kazi, mteja kwenye kochi huona uso uleule kwenye televisheni, kama utakavyoonekana kwenye televisheni za majumbani.

Asubuhi moja Hajra, binti wa Mzee Kasam muuza vitambaa, aliingia bila kupiga hodi. Babake alikuwa ametoka nyumbani tangu Ijumaa na hajaonekana. Akili ya mzee ilikwisha kuanza kupotea. Siku nyingine hata jina lake hulitafuta. Walikuwa wamemsaka Liwatoni, ufuoni Mama Ngina na hospitalini. Sasa kituo kimoja cha televisheni huko Nairobi kilikubali kutoa tangazo, mradi kanda ya video ipakiwe kwenye basi la jioni.

"Hakupenda kupigwa picha," Hajra alisema. "Tumepata hii tu, na polisi wanaingoja."

Ilikuwa picha ya zamani, imejaa madoadoa ya ukungu. Kadzo akaiingiza kwenye kompyuta kwa skana, kisha Hajra akaichukua picha yenyewe mbio akaenda nayo polisi.

Kadzo aliinama mpaka alasiri. Alifuta doa kwenye kofia, kwenye ndevu, kwenye paji la uso. Alifuta jingine kubwa chini ya jicho la kushoto. Diski ilikuwa imejaa, akahifadhi kazi yake juu ya ile nakala ya kwanza, nayo ikafutika. Hajra aliporudi aliitazama skrini ndogo kwa macho yaliyovimba, akasema ni sawa.

"Tuione kwanza kwenye televisheni," Kadzo alisema.

Hapo ndipo Bi Fariha, mke wa mzee, alipofika akihema. Hakuwa na subira ya kubaki nyumbani. Akaketi kochini, na uso wa mumewe ukajaa kioo kizima. Nambari ya simu iliyoandikwa chini ilikatwa nusu na ukingo wa televisheni. Kadzo alikuwa akiisogeza juu aliposikia sauti nyuma yake.

"Huyu si yeye."

"Mama, ni yeye," Hajra alisema. "Umechoka tu."

"Nimelala na uso ule miaka yote hii. Baka lake liko wapi?"

Kadzo akaelewa. Lile doa chini ya jicho halikuwa ukungu. Alikuwa amelifuta, na hakuna pa kulitoa tena.

"Nimelifuta mimi, mama," alisema. "Nilidhani ni uchafu wa picha. Niwie radhi."

Bwana Kaizar alitazama saa ya ukutani. "Nikienda polisi kuiomba ile picha, basi litaondoka. Ipelekwe hivi hivi?"

"Watu watamtafuta mtu asiyekuwapo," Bi Fariha alisema. Aliinuka, akaenda kusimama mbele ya televisheni, akaweka kidole kwenye kioo. "Ni hapa. Nitakuonyesha, mwanangu. Wewe lichore."

Basi wakafanya hivyo. Mmoja alisimama kwenye televisheni, mwingine akakaa na kipanya mezani. "Shuka kidogo. Karibu na pua. La, hapo limekuwa duara, lake lina mkia." Kadzo akavuta mkia. Kwenye skrini yake rangi ilikuwa hudhurungi, lakini kwenye televisheni ikawaka nyekundu kama jeraha bichi. Akaipunguza, ikapotea kabisa. Akaiongeza punje kwa punje, jasho likimtiririka mgongoni, huku nje Bwana Kaizar akiwa tayari juu ya pikipiki, injini ikinguruma.

Bi Fariha akasogeza uso karibu na kioo. Kadzo hakuthubutu kugeuka.

"Ndiye," mama yule alisema hatimaye, na kidole chake kikabaki pale kwenye kioo.

Wakarekodi. Bwana Kaizar akalikuta basi likitoka kituoni Mwembe Tayari, akamkabidhi utingo kanda kupitia dirishani.

Tangazo lilitoka kesho yake jioni. Simu ilipigwa kutoka Mariakani na mwanamke aitwaye Mbodze, muuza mahamri kwenye kituo cha malori. Alisema kuna mzee anakaa karibu na jiko lake, anangoja gari la moshi, naye amekuwa akimpa chai. Ndevu zimemvuruga uso, lakini baka ni lile lile.

Mzee Kasam alirudishwa akiwa amekonda, miguu imepasuka. Hakumtambua Hajra. Bi Fariha alimwosha miguu, naye akamwachia, akimtazama kimya kama mtu anayejaribu kukumbuka alikomwona.

Kadzo alikwenda kuwaona akiwa na furushi la matunda. Alipewa kiti karibu na mzee, na kwa mara ya kwanza akaliona lile baka lenyewe. Mkia wake ulikuwa mrefu kuliko alivyouchora.