Kopo Nyuma ya Magunia

Kiwandani walimwita Daktari wa Rangi, na jina lile lilimkaa vizuri. Miaka kumi na minane alikuwa akipika rangi za vitambaa, na kijani chake cha sare za wauguzi hakikuwa na mpinzani. Siri yenyewe ilikuwa kipimo. Daftari la kiwanda lilisema pipa moja la rangi, chumvi vikombe ishirini. Halikusema kikombe gani. Wenzake walijua kile cha plastiki cha kiwanda. Yeye alichotea kopo lake la bati, kubwa kidogo, alilokuwa akilificha nyuma ya magunia.

Hakuzaliwa mchoyo, jamani. Bibi aliyemfundisha kazi alimpa yote bila kubana, na miezi miwili baadaye akaachishwa kazi kwa zawadi ya saa ya ukutani, eti sasa kijana anajua. Siku ile Daktari alijiapia: mimi hawanipati.

Basi jino likamlaza nyumbani siku tatu. Kazi ikaachiwa shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwombea nafasi. Shemeji akafuata daftari neno kwa neno. Vitambaa vikatoka vimefubaa, mzigo mzima, na meneja akamfukuza kabla ya saa sita. Daktari aliporudi akaulizwa kama daftari lina kasoro.

"Daftari liko sawa, bosi."

Na kweli lilikuwa sawa. Hilo ndilo lililomkaba.

Siku ya kumi na moja tangu shemeji afukuzwe, uzalendo ukamshinda. Akalifunga kopo kwenye gazeti, akaenda kwa dada yake. Dada akammiminia chai.

"Shemeji yako anasema alihesabu vibaya mwenyewe. Usijilaumu, kaka."

Akaiacha chai mezani, akatoka uani, ambako shemeji alikuwa akigongea mguu wa kiti. Akafungua gazeti, akaeleza yote bila kuinua macho. Aibu ilimjaa mpaka masikioni.

Shemeji hakushtuka. "Hilo kopo nililiona siku ile ile, nikitafuta koti langu. Nikalipima, nikaelewa."

"Sasa mbona hukumwambia meneja?"

"Angekufukuza wewe. Nikasema, ngoja, shemeji atasema mwenyewe." Akapiga msumari mara mbili. "Nimekungoja siku kumi na moja."

Daktari alilichukua kopo vilevile, bila gazeti, akashika njia ya kiwandani.