Kaa Niliyeachiwa na Mama

Juzi mjukuu wangu, yule anayeishi Ulaya peke yake katika chumba cha ghorofani, alinipigia telefone ya video. Nilifikiri ananionyesha mtoto. Kumbe ni mnyama. Amenunua sanduku la kioo, ametia maji ya chumvi, mchanga na mawe, na ndani anafuga kamba wa bahari mmoja. Sisi wa Kasongo tunajua kamba wa mto, wadogo, wa kupika na mawese. Huyu, kwenye picha alizonionyesha kwanza, ana rangi za kitenge kipya, macho yanazunguka kila moja upande wake, na mikono ameikunja kifuani kama mtu anayesali. Usidanganyike na sala ile. Akiletewa konokono, anampiga ngumi moja, pa! na gamba linapasuka.

“Sasa amejificha, koko,” mjukuu akasema, maana bibi siku hizi ni koko. “Ameziba mulango yake na mawe. Ile unaona pale inje, haiko yeye. Iko ngozi ya zamani. Ameivua. Ile mupya ingali laini, anaogopa.”

Kile kitu kilicholala mchangani kilikuwa na macho, mikono na miguu yote. Mtu yeyote angesema ni maiti. Nikamwambia arudie maneno yake. Akarudia. Nikatafuta kiti.

Wewe unayesoma, nikueleze. Mimi sikusoma sana, lakini hili ninalijua lote.

Nilikuwa na miaka kama saba baba alipokufa. Watu wake walikuwa Waislamu wa hapa mjini. Watu wa mama ni wakulima, Wakristo, upande wa Kabambare. Ndugu za baba walisema mtoto ni wao, basi mama akanileta kwa bibi, mama ya baba. Tulikuja kwa miguu, tukilala kwa watu. Kwenye kijito cha mwisho nilikaa chini ndani ya maji, nikakataa kuendelea. Nililia mpaka sauti ikakauka. Mama hakunipiga. Aliinua jiwe, akaingiza mkono, akatoa kaa, akamfunga katika jani la mgomba.

“Umuchunge,” akasema. “Nitakuja kuona kama amekuwa mukubwa.”

Nikanyamaza. Nikapiga hesabu yangu ya kitoto: kaa akiishi, mama atakuja. Kaa akifa, atakuja kuona nini?

Katika nyumba ya bibi kaa haliwi. Bibi alimtazama akasema, “Huyu anaishi mu maji, anaishi inje, mahali mbili. Hatumukuli.” Hivyo ndivyo alivyopona katika jiko letu. Nilimweka katika beseni la bluu lililobanduka rangi, nikatia matope, majani, na kigae cha chungu awe na nyumba. Jirani yetu, mama mmoja Mkristo, alikuwa akipita anachungulia.

“Wewe mutoto, unanenepesha kaa mwezi muzima? Nipe, nimutie mu sombe, mu majani yangu ya muhogo. Nitakupa muguu moja.”

“Anza kujitia wewe mwenyewe mu sombe,” bibi akamjibu, na wote wawili wakacheka mpaka wakashika ukuta. Mimi sikucheka.

Watoto wa mtaa waliniuliza kila siku, “Wewe uko wa kanisa ao wa muskiti?” Sikuwa na jibu, kwa hiyo sikuwa na rafiki. Asubuhi nilichota maji, nikafagia uwanja, nikatwanga mpunga, halafu nikachuchumaa kwenye beseni. Mkono wake mmoja ulikuwa mkubwa kuliko mwingine. Punje ya wali aliishika kwa huo mkubwa, akaimega kwa mdogo, polepole, kama mzee asiyedaiwa haraka na mtu. Akimaliza anapanguza macho. Nikitwanga alitoka chini ya kigae kusikiliza mtetemo, nikiacha anarudi. Nilimsemesha Kibangubangu, lugha ya kwa mama, kwa sababu katika nyumba ile hakuna mwingine aliyekisikia.

Siku moja akakataa wali. Kesho yake akakataa, na siku ya nne pia. Asubuhi moja nikamkuta juu ya matope, kimya, rangi imefifia. Nilipomwinua alikuwa mwepesi kama ganda la karanga. Mgongo ulikuwa umepasuka kwa nyuma, ndani hamna kitu. Nikafikiri siafu wameingia wakamla.

Nilimzika nyuma ya jiko. Bibi akasema, “Mwanga ile maji, inanuka.” Nikabeba beseni mpaka kwenye mfereji, nikamwaga vyote kwa pamoja, maji, matope, majani na kigae. Sikutazama. Bata wa jirani wakaja mbio, wakagombania kitu ndani ya matope. Nikadhani ni mnyoo.

Mama alikuja baada ya mavuno, juu ya kamio, lori la wachuuzi wa karanga. Nilisikia sauti yake uani, anapiga hodi, anacheka. Nikakimbia. Nikajibana nyuma ya ghala la mpunga, mikono yote miwili juu ya mdomo. Ningemwonyesha nini? Mama aliniita. Bibi akaniita mara tatu, kwa sauti ile ya kuchapa. Vumbi la makapi likanijaa puani, nikajizuia hata kupiga chafya. Halafu kamio ikapiga honi sokoni, na kamio haimngojei mtu.

Aliniacha na gauni na furushi la karanga. Jirani ndiye aliyenikuta pale nyuma ya ghala.

“Wewe, mama yako amekutafuta mpaka mu choo! Aliuliza kaa. Bibi akamuambia alikufa. Mama yako akacheka tu: ‘Ah, tutakamata mwingine.’”

Mvua za kwanza ziliponyesha, mtu wa kinga, yaani baiskeli, alileta habari kwamba mama amezikwa. Hatukukamata mwingine.

Ghala lile halipo, na jiko lilianguka siku nyingi. Mahali pa nyumba ya jirani wanachaji matelefone. Juu ya kile kijito wamelaza magogo, pikipiki zinapita, hakuna anayelowa miguu. Bibi na jirani wamelala, mmoja kwa Waislamu, mmoja kwa Wakristo. Kibangubangu kimenitoka. Nimebaki na maneno machache, na yote ni yale niliyomwambia kaa.

Miaka yote hii nilijua kwamba alikufa kwa sababu sikumchunga. Kumbe alikuwa mzima, ngozi laini, anaogopa, chini ya kigae. Bata walipata nini, sitaki kusema.

Nikamuuliza mjukuu, “Anajificha siku ngapi?”

“Wiki mbili, mara ingine tatu. Unamungojea tu.”

“Usimwange maji.”

Akacheka. “Siwezi kumwanga, koko. Lakini wewe ulijulia wapi mambo ya kamba?”

“Kata,” nikamwambia. “Unite zako za telefone zinaisha.”