Kilemba Kilichosingiziwa

Watu wa Bunda wakikusimulia habari za Mwanaupe binti Shomari, watakuambia ni yule mwanamke aliyeangushwa na kilemba chake mwenyewe. Ni uongo. Nimeusikia sokoni, nimeusikia kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na mara ya kwanza nilipousikia nilinyamaza. Leo sinyamazi.

Mwanaupe alizaliwa Manyamanyama, binti wa fundi baiskeli. Mzee Shomari hakuwa na mtoto wa kiume. Miaka ile baada ya vita vya Uganda, mipira ya baiskeli ilipotea madukani hata watu wakawa wanajaza majani makavu ndani ya tairi ili wafike waendako. Kazi ya kuijaribu baiskeli iliyokwishatengenezwa ilimwangukia binti. Aliizungusha nyuma ya msikiti, gauni limekazwa kwa kamba kiunoni, kilemba kichwani. Wanaume waliotoka kuswali walimwambia mzee kwamba anampotosha mtoto. Mzee aliwajibu kwamba anayetaka kazi hiyo aje, mradi aje na miguu yenye nguvu.

Ndivyo alivyokua, na sitampamba: alikuwa na mdomo. Aliolewa na Omari muuza chumvi, na mama mkwe alipomwambia achague kati ya baiskeli na ndoa, alimwuliza ni ipi kati ya hizo itakayomfikisha kisimani mapema.

Tulikutana mwaka 1988 kwenye mafunzo ya wahudumu wa afya. Mimi naitwa Dorotea, mtu wa Kibara, Mkatoliki, mke wa Felisian mvuvi, na wakati huo nilikuwa mama wa watoto wanne nisiyejua hata kukaa juu ya tandiko. Mwanaupe ndiye aliyenifundisha. Alinishika kwa nyuma huku akinitukana barabara nzima, na siku niliyokwenda mwenyewe bila kushikwa alikaa chini akacheka mpaka akalia. Nilimpenda. Nataka hilo lijulikane kabla sijaendelea.

Kazi yetu ilikuwa kupeleka chanjo vijijini katika boksi la baridi, wengine upande wa ziwani, Mwanaupe njia ya Nyamuswa hadi kukaribia Butiama. Mwaka 1992 mradi mmoja ukatuletea baiskeli mpya sita, kila moja na helmeti yake. Tulikuwa tumeona helmeti za waendesha pikipiki; ya baiskeli hakuna aliyewahi kuiona. Aliyezileta ni afisa mmoja kutoka Musoma, Bwana Florian, mkazi wa mtaa wa Iringo, mtu wa suruali iliyonyooshwa na wa kuzungumza na wanawake huku akiangalia saa. Sharti lake lilikuwa moja: bila helmeti, hakuna baiskeli.

Sote tulivaa. Ya Mwanaupe ikakaa juu ya kilemba, ikining'inia kama sufuria kwenye figa moja.

"Toa hicho kitambaa," Bwana Florian akasema.

"Sitoi, Bwana Afisa."

"Jumatatu nakagua. Nikikikuta, baiskeli nampa mwingine."

"Mpe. Mwulize kwanza kama anajuaga njia ya Nyamuswa."

"Usinijibu kama uko jikoni kwako."

Mwanaupe alijaribu mtandio mwembamba. Ukateleza, upepo ukaubeba mbele ya wachungaji, akarudi nyumbani ameinama juu ya usukani kwa aibu. Kilemba peke yake ndicho kilichotulia kichwani. Ilibaki siku moja, na Mwanaupe alijua kwamba bila baiskeli atarudi kuwa mke wa Omari wa kukaa uani na mama mkwe.

Hapo ndipo mimi nilipojifanya mwenye akili. Miaka ile bidhaa zilikuwa zimeanza kurudi madukani, na kila kitu kipya kilikuja kwenye boksi kikiwa kimebanwa kwa povu jeupe gumu. Ukinunua redio, unatoa povu, unabaki na redio yako. Niligeuza helmeti ya Mwanaupe, nikaona ndani povu lile lile.

"Dada, hii ni ya kufungia tu," nikamwambia. "Wamesahau kuitoa."

"Una hakika?"

"Redio ya Felisian ilikujaga nayo hivi hivi. Nani anasikilizaga redio ikiwa na povu lake?"

Tukalibandua kwa kisu cha kumenyea viazi. Helmeti ikashuka juu ya kilemba vizuri kabisa, mkanda ukafika kidevuni. Mwanaupe alijitazama kwenye kioo cha Omari akanikumbatia. Halafu nami nikabandua la kwangu. Mimi sikuwa na kilemba, nilikuwa na nywele zangu fupi tu. Nilikuwa na mume mwenye nyavu, na Kibara kitu kinachoelea hakitupwi. Nilimpelekea Felisian povu lile, akalikatakata akafanya maboya. Wenzetu wanne walipoona, nao wakabandua, mmoja kwa ajili ya maboya, wengine kwa sababu sisi tumebandua.

Jumatatu Bwana Florian alipita kwenye mstari akizigonga helmeti kwa kidole. Aliandika kwamba zote ziko salama, akatia sahihi. Hakugeuza hata moja.

Miezi minne baadaye Mwanaupe alikuwa anateremka kutoka Nyamuswa, mbuzi akaruka barabarani. Akaanguka juu ya mawe. Lori la pamba lilimleta hospitali akiwa hajitambui, na mimi ndiye niliyekaa kwenye benchi na vitu vyake mapajani. Daktari alipotoka alichukua ile helmeti, akaigeuza.

"Mbona haina kitu ndani?"

"Ilikuwa na povu la kufungia, daktari. Lilitolewa."

"Mama, povu ndiyo helmeti. Hili gamba la juu ni ganda tu. Huyu amesaidiwa kidogo na mikunjo ya kilemba chake, isingekuwa hivyo tungekuwa tunaongea mengine."

Akaenda kwa wagonjwa wengine, na hakuna aliyemwuliza tena neno. Kwa hiyo nilijua mimi peke yangu.

Bwana Florian naye hakuuliza. Aliandika kwamba kilemba kiliinua helmeti, helmeti ikamziba macho, ajali ikatokea. Baiskeli akaifungia stoo. Bunda nzima ikaipokea habari hiyo kama pilau ya bure. Wanaume wa msikitini walisema Mungu amemwonyesha. Watu wa kanisani kwangu, wala sitawaficha, walisema shauri la vitambaa vyao hilo. Mama mkwe aliwaambia wageni hayo hayo akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa, tena kwa sauti.

Nami nilikwenda kumwona kila baada ya siku mbili, kwa wiki tatu, na ndizi, na sato wa Felisian. Nilimkanda bega. Nilisikia yote yaliyosemwa. Kwenye fomu tulizotia sahihi paliandikwa kwamba anayeharibu mali ya mradi ananyang'anywa baiskeli, na baiskeli ile ndiyo iliyokuwa inawavisha wanangu sare za shule. Nilikuwa mwoga. Nimetafuta neno zuri zaidi ya hilo, sijalipata.

Wiki ya tatu Bwana Florian alituita uani kwenye ofisi ili atangaze kwamba Mwanaupe ameondolewa. Mwanaupe alikuja kwa miguu kutoka Manyamanyama, kovu bichi limetokeza chini ya kilemba. Afisa akainua helmeti yake juu.

"Mmeona kiburi cha kitambaa kinavyoua mtu? Mwanaupe, una la kusema?"

Mwanaupe akatazama chini. Yule aliyemjibu mama mkwe, aliyemjibu afisa huyu huyu, akatazama chini akasema hana.

Sikuvumilia. Niliweka helmeti yangu juu ya meza ya afisa, mdomo juu.

"Yangu nayo tupu, Bwana Afisa. Na mimi sivaagi kilemba."

Selestina, mhudumu wa upande wa Guta, akaweka ya kwake. Wengine watatu wakafuata. Nikachukua ya Mwanaupe mkononi mwa afisa, nikaigeuza pia.

"Povu lake liko wapi?" akauliza.

"La kwangu liko ziwani, linashikilia nyavu. La Mwanaupe nililitoa mimi, nikamwambia ni la kufungia. Daktari anasema kilichomuumiza ni hicho. Kilemba ndicho kilichomsaidia."

Bwana Florian alizitazama zile helmeti sita, akafungua faili lake, akaiona karatasi yenye sahihi yake. Alikuwa mpumbavu, lakini si wa kiasi cha kutojua hesabu hiyo. Akitunyang'anya sisi, Musoma watamwuliza alikagua nini. Akafunga faili, akasema helmeti nyingine zitaagizwa, akamtuma mlinzi stoo alete baiskeli ya Mwanaupe. Hakumwomba radhi.

Tukatoka pamoja tukisukuma baiskeli. Nilidhani tumeshinda. Tulipofika njia panda akasimama.

"Ulijua lini?"

"Siku ile hospitali. Daktari aliigeuza mbele yangu."

"Wiki tatu."

"Niliogopa kunyang'anywa, dada. Watoto wangu..."

"Ungenong'ona tu. Mimi na wewe, pale kitandani. Nisingemwambia mtu." Alikuwa anakaza kilemba chake kwa mikono miwili. "Kila siku walikuwa wanasema kilemba changu, kilemba changu. Nilianza kuwaamini, Dorotea. Nilikuwa naswali namwomba Mungu anisamehe kwa kujisitiri."

Akapanda, akaondoka. Tulifanya kazi pamoja miaka mitano baada ya hapo, tukagawana chanjo kwenye meza moja. Salamu alinipa kila asubuhi, kwa sababu Mzee Shomari alimlea vizuri. Jina langu hakulitaja tena.